Chini ya Mti Wako Kunaota Nini?

Andiko: Luka 13:6-9. Soma pia Walawi 25:1-5 na Yohana 12:24.

Huu ni ufupisho wa neno la Jumapili iliyopita, kwa waliokuwapo na kwa wale ambao mvua iliwafungia nyumbani.

Mfano wa mtini tunaujua. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu, hapati tunda, anasema ukatwe. Wengi wetu tunakomea hapo kwenye matunda. Lakini rudi mstari wa 7, usome polepole. Mwenye shamba ana lalamiko la pili: mti huu unaiharibu ardhi. Kumbe Bwana haangalii matawi peke yake. Anaangalia na udongo. Na mtunza shamba anapoutetea ule mti anaomba vitu vitatu tu: mwaka mmoja, nafasi ya kulima kuuzunguka, na mbolea.

Sisi watu wa Kisii na Nyamira tunafaa kuuelewa mfano huu haraka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.2 Kisii na zaidi ya laki sita Nyamira. Kwa Kisii hiyo ni zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Shamba la babu limegawiwa wana, wana wakagawia wajukuu, na leo mtu ana nusu ekari. Katika nusu ekari hiyo anataka mahindi, ndizi, majani chai, nyasi ya ng'ombe na karo ya shule. Basi kile kipande cha bondeni, karibu na maji, anapanda mikaratusi, hii tunayoiita bulugamu.

Sikusimama kuilaani bulugamu. Ililetwa Kenya mwaka 1902 ili kutoa kuni za gari la moshi, na kazi yake tumeiona. Imejenga nyumba zetu, imebeba nyaya za stima, na viwanda vya chai vinakaushia majani kwa kuni zake. Kuna watoto wa kanisa hili waliomaliza shule kwa pesa za bulugamu. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Amina?

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hebu tuiname.

Juzi nilichukua jembe nikachimba kidogo chini ya mikaratusi ya uwanja wetu wa kanisa. Majani ya mwaka jana bado yalikuwa na umbo lake, makavu, yanalia chini ya kiatu. Chini yake udongo ulikuwa mgumu na mweupe-mweupe. Kisha nikavuka ua, nikachimba kwenye migomba ya jirani, pale wanapomwaga maganda na majivu ya jikoni. Jembe lilizama lenyewe. Udongo mweusi, na nyungunyungu wanakimbia mwangaza. Hatua hamsini tu, mvua ni ile ile, jua ni lile lile.

Tofauti iko wapi? Iko katika kile kinachoanguka. Jani likianguka, Mungu ameweka watumishi wadogo wa kulivunja: kuvu, bakteria, mchwa na nyungunyungu. Wao hulila, na chakula kilichokuwa ndani yake kinarudi mchangani. Lakini jani la bulugamu ni gumu, lina mafuta makali na tanini nyingi, na nitrojeni yake ni haba. Wale watumishi hulikawia. Majani yanalundikana, yanakauka, na maji ya mvua yanaweza kuteleza juu yake badala ya kuingia ndani.

Sasa chukua tithonia, yale maua ya manjano machungu yanayoota kando ya barabara bila kupandwa na mtu. Watafiti waliofanya kazi Maseno miaka ya 1990 waliona kwamba majani yake mabichi, yakizikwa shambani wakati wa mvua, nusu yake huoza kwa muda wa wiki moja hivi, na mahindi hupata chakula. Mmea tunaoufyeka na kuutupa ni mbolea ya bure!

Na tusisingizie mti peke yake. Watafiti wamepima mashamba kandokando ya misitu ya Kakamega na Nandi, mengine yaliyofyekwa miaka michache iliyopita, mengine karibu miaka 100. Kadiri shamba lilivyolimwa mahindi miaka mingi, ndivyo mboji iliyoachwa na msitu ilivyopungua, na mavuno yakashuka. Sababu ni nyepesi. Msitu hurudisha majani yake kila siku. Sisi tunavuna mahindi, mabua tunampa ng'ombe, magunzi tunachoma, na majani ya uani tunafagia hata Jumapili asubuhi. Tunachukua, tunachukua, hatuangushi kitu. Ndiyo maana Walawi 25 inaiagizia ardhi sabato yake. Huenda mwenye nusu ekari hawezi kuilaza mwaka mzima, lakini hawezi kukosa cha kuirudishia.

Sasa nikuulize, mtu wa Mungu: chini yako kunaota nini? Kuna mtu amenyooka, ni mrefu, ana bei nzuri sokoni. Kila mtu anamsifu. Lakini mke wake amekauka, watoto wanamwogopa, mdogo wake hajawahi kuinuka kivulini mwake. Chochote kinachoanguka kutoka kwake, neno lake, hasira yake, kinalala pale miaka na hakiozi. Yesu katika Yohana 12 anasema habari ya mbegu: isipokubali kuanguka na kufa, inabaki peke yake. Mti usiolisha udongo wake nao mwishowe unabaki peke yake.

Wapendwa, neno hili lina kazi mkononi. Mwezi ujao washirika watakaa kuamua juu ya mikaratusi iliyo juu ya chemchemi yetu. Akina mama wanaochota pale wanasema ndoo iliyokuwa ikijaa mara moja siku hizi inangojewa. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji iondolewe. Agizo hilo lilitufikia hata sisi.

Mnunuzi amekuja, na pesa zake zitatusogeza kwenye mabati. Swali si kukata. Swali ni visiki. Bulugamu ikikatwa huchipuka tena, na baada ya miaka michache unauza mara ya pili. Tukiving'oa, tunajikatia pato, na hilo ni jambo zito kwa kanisa lenye deni. Ninalijua. Hata hivyo ushauri wangu ni huu: ving'olewe, na pale papandwe miti ya kienyeji inayofaa kando ya maji. Bulugamu ibaki kule juu kwenye mawe, mbali na chemchemi. Dhambi nayo ni hivyo, ukikata shina ukaacha kisiki, usishangae ikichipuka.

Wiki hii fanya mambo matatu. Chimba chini ya mti wako, uone. Usichome majani, yalundike kwenye migomba au uyazike. Na nyumbani, tamka neno moja litakalomlisha mtu anayeishi kivulini mwako.

Tuombe: Bwana, wewe uliyetuumba kwa mavumbi, asante kwa mwaka mwingine uliotuongezea. Lima kutuzunguka, tia mbolea, na udongo tutakaowaachia watoto wetu uwe mweusi kuliko tulioupokea. Katika jina la Yesu, Amina.