Kagua Kwanza, Kisha Jenga

Mimi na mke wangu tunapanga kurekebisha nyumba kwa mara ya kwanza. Fundi anataka pesa ya kuanzia leo leo, lakini Nehemia 2 inatwambia tutulie. Nehemia aliomba mbao kwa mfalme kabla ya safari, hata za nyumba yake mwenyewe. Alipofika Yerusalemu alikaa siku 3, akakagua kuta usiku, kimya kimya. Ndipo akawaita watu, na ukuta ukaisha kwa siku 52.

Basi tumeandika yote: mabati, simiti, kazi ya fundi, na akiba ya yasiyoonekana. Karo haiguswi. Paa linalovuja kwanza, jikoni baadaye. Mpendwa, imani haiogopi kalamu. Omba, kagua, hesabu, jenga. Amina.