Mashindano Ambayo Mmoja Hakuulizwa

Watu wawili wakipigana mieleka, hata yule atakayeangushwa amekubali kuingia uwanjani. Wawindaji wawili wakishindana nani atapata swala mwenye pembe ndefu zaidi, waliokubaliana ni wao tu. Swala hana habari. Je, mashindano ya namna hiyo yanaweza kuitwa ya kirafiki?

Kwetu Isingiro swali hili haliishii vitabuni. Ziwa Nakivale na Ziwa Mburo wameungana kwa vinamasi, na tangu mwaka 2006 ardhi oevu hiyo imo katika orodha ya Ramsar. Uganda ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1979. Mwaka 2001 uwindaji wa kulipia ukarudishwa kwa majaribio, na mahali palipochaguliwa ni mashamba ya mifugo yanayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Sababu ilieleweka: swala pala hajui mpaka wa hifadhi, anakula majani ya ng'ombe wa watu, na mwenye ng'ombe hapati kitu. Swala akiwa na bei, mfugaji atamvumilia.

Tena mashindano yenyewe yana faida moja ambayo sikuitarajia. Kwa swala pala, dume peke yake ndiye mwenye pembe. Anayetafuta pembe za kupimwa kwa utepe na kuandikwa katika kitabu cha rekodi cha Rowland Ward, kilichoanza kuchapishwa London mwaka 1892, atawaacha majike na madume machanga, amfuate dume aliyekomaa. Mtego wa waya hauchagui. Unanasa jike mwenye mimba, unanasa hata ndama wa jirani. Kwa hiyo majivuno ya mtu mmoja yanaweza kulinda kundi kuliko njaa ya mwingine. Hoja hii ni ya kweli, na bado siipendi.

Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba hata mbuzi tunayemla choma pale Mbarara hakuulizwa. Sawa. Basi ridhaa peke yake haitoshi, na tofauti naitafuta kwingine. Anayechinja kwa ajili ya chakula ana kikomo: watu wakishiba, kisu kinafutwa. Mashindano hayashibi. Inchi moja aliyokuzidi rafiki yako ndiyo sababu ya wewe kurudi mwakani, wala hakuna nyumbani kwako aliyelala njaa.

Halafu kuna haki. Swala yuleyule akiuawa na mwenye kibali anaitwa nyara. Akiuawa na maskini mwenye waya ni ujangili, na maskini huyo anaenda jela. Sisemi jangili aachiwe. Nasema mwenye kibali asijione msafi kwa sababu ya karatasi tu.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kule Tanzania, nao wanashindana. Wanaume wao hucheza lukuchuko, wakirusha vipande vya magome na kuwekeana mishale dau. Ila mchezo huo huchezwa kambini, na anayeshindwa hupoteza mishale. Nyama ikiletwa hugawanywa, na si desturi ya aliyeipata kujisifu. Ushindani upo, lakini haukuwekwa juu ya mnyama.

Naona maandalizi ya msimu yangeweza kuubeba ushindani wote wa wawindaji: kupiga shabaha, kusoma upepo, kufuata nyayo, kujua ni umbali gani ambao mkono wako hauwezi kuua kwa risasi moja. Hapo kinachotobolewa ni ubao. Na aliyejipima kwenye ubao ana sababu ya kuiteremsha bunduki porini mnyama akisimama mbali mno, hata kama rafiki yake tayari ameshapata.

Lakini mgeni aliyelipa nauli ya ndege na ada ya kibali, je, atakubali kuondoka mikono mitupu kwa sababu upepo uligeuka? Hilo ndilo ningetaka aulizwe kabla ya kupewa kibali. Shida ni nani wa kumuuliza, maana anayemtembeza porini ndiye anayelipwa naye.