Dhamana ya Anayesambaza Habari

Anayesambaza uongo bila kujua kuwa ni uongo ana hatia? Sheria na dini hazijibu kwa namna moja. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 humlenga anayechapisha taarifa akijua kuwa ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu, kutisha au kudanganya. Faini yake haipungui shilingi milioni 5. Asiyejua huponyoka.

Dini hudai zaidi. Aya ya 6 ya sura ya Al-Hujurat katika Kurani inawataka waumini waichunguze habari kwanza, wasije wakawadhuru watu bila kujua. Hapo kutojua si udhuru. Ndiko kunakokemewa hasa.

Picha ya mtu anayedaiwa kuiba watoto huingia usiku kwenye kundi la familia. Shangazi huituma kwa majirani kwa huruma tupu, na kufikia alfajiri mwenye sura ile hathubutu kutoka nje. Hakuna aliyekusudia ubaya, na bado dhuluma imetendeka. Mwaka 2019 WhatsApp iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa mazungumzo 5 kwa mkupuo. Hilo hupunguza kasi tu, halimfanyi mtu aulize.

Kuitanua sheria imwadhibu hata asiyejua ni hatari kubwa zaidi, kwani wenye mamlaka hupata fimbo ya kuwachapia wakosoaji. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno, raia asijue kosa linaanzia wapi.