JE, UZURI WA MWILI UNA MIAKA YAKE?



Kuna swali ambalo vijana wanaulizana: uzuri wa mtu unafika kilele chake na miaka ngapi? Mmoja anasema 18, mwingine 25, na kwa wote wawili anayepita hapo amekwisha. Swali hili linaonekana kuwa mchezo tu. Lakini linazaa matunda, na matunda yake yanaingia katika jamaa zetu. Basi tulichunguze.

Kwanza, tusikatae lililo kweli. Mwili una majira yake. Mifupa hufikia uzito wake wote karibu na miaka 30, kisha hupungua polepole. Ngozi nayo hulegea, na jua kali huizeesha mbele ya wakati. Lakini nguvu ni jambo moja, uzuri ni jambo lingine. Nguvu hupimwa, uzuri huonwa, na kila mwenye kuona ana macho yake. Mtoto anayenyonya hatafuti uso mwingine kuliko wa mama yake, awe na miaka 20 au 40.

Pili, tumwangalie Sara, bibi ya Abrahamu. Kitabu cha Mwanzo kinaonyesha kwamba alipoingia Misri hakuwa chini ya miaka 65, na wakubwa wa Farao walimsifu kwa uzuri. Wengine watajibu: Sara aliishi miaka 127, kwa hiyo 65 ilikuwa kwake nusu ya safari tu. Vema. Lakini angalieni uzuri huo ulimletea nini. Bwana yake aliogopa kuuawa, akamwita dada, naye akapelekwa katika nyumba ya mfalme. Watu waliona uso, wakamsahau mwenye uso.

Hapo ndipo kosa la swali letu linapoonekana. Embe lina siku yake ya kuiva, kwa sababu embe ni la kuliwa. Mtu si wa kuliwa. Anayeuliza mwanamke ameiva lini, amekwisha kumweka juu ya meza ya soko.

Na matunda ni haya. Binti anaozwa haraka, asije akapitwa na wakati. Katika inchi yetu ya Kongo, Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 iliruhusu binti aolewe na miaka 15. Sheria ya mwaka 2016 ilidai 18 kwa wote. Mama naye ananunua mafuta ya kugeuza ngozi. Mengine yana zebaki, inayoharibu figo. Mengine, yakipakwa muda mrefu, yanaacha madoa meusi pale yalipoahidi weupe. Na baba anamwacha bibi aliyemzalia watoto, akisema amezeeka, kana kwamba yeye mwenyewe miaka ilimpita pembeni.

Basi, vijana, msihesabu miaka ya wengine. Yenu pia inahesabiwa. Wamama, fedha ya mafuta hayo ilipe masomo ya watoto. Nanyi wababa, uso ulioupenda ukiwa laini umekunjamana ndani ya nyumba yako, mbele ya moto wako, kwa ajili ya watoto wako. Kama hauoni tena uzuri wake, usiulize miaka yake. Uliza macho yako.