Vyombo vya Kale: Tuvitunze au Tuvitupe?

Kila nyumba ina pembe yake ya vyombo visivyotumika. Katika ofisi nyingi pembe hiyo ina kompyuta za zamani, zenye kioo kinene na sanduku zito, nazo zimefunikwa na vumbi. Wako wasemao, "Zitupwe." Wako na wasemao, "Ziacheni, zilinunuliwa kwa fedha nyingi." Nasi twauliza: tuna wajibu gani kwa chombo kilichokwisha kazi yake?

Tukumbuke kwanza jinsi vyombo hivi vilivyotufikia. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka uo huo, huko Marekani, kampuni ya Digital ilianza kuuza PDP-8, mashine ndogo kuliko zile zilizojaza chumba kizima. Hata hivyo bei yake ilikuwa dola 18,500. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya hesabu za serikali zilizokabidhiwa mashine kuharibika. Katazo hilo limekwisha zamani. Lakini asiyepata kuziona mashine hizo wala kusikia habari zake, atajuaje kwamba wazee wetu walijaribu, wakakosea, wakajifunza?

Huko California, katika nyumba ya makumbusho ya Mountain View, mafundi wa kujitolea wamezifufua PDP-1 na IBM 1401, zikafanya kazi tena. Je, hao wanacheza tu?

Mtu wa Matema aweza kujibu: "Chungu kikivunjika, mama wa Kikisi hufinyanga kingine." Ni kweli, maana ujuzi wa chungu umo mikononi mwa akina mama, na mama humfundisha binti yake. Kompyuta sivyo ilivyo. Yaliyoandikwa katika kisahani chake cha sumaku hayasomeki kwa macho. Yataka mashine ya namna yake. Kitabu cha ubatizo, kikilindwa na mchwa na maji, hata mjukuu atakisoma. Lakini majina yaliyoandikwa katika kisahani mwaka 1990, atakayeitupa mashine ya mwisho iwezayo kuyasoma ametupa ufunguo, na sanduku limefungwa.

Wala tusijidanganye: kurundika si kutunza. Betri iliyosahauliwa ndani huvuja na kula nyaya. Joto na unyevu wa Kyela huleta kutu. Kioo kile kinene kina risasi, nayo ni sumu kikivunjwa uani wanapocheza watoto. Ajivuniaye rundo la namna hii hakumbuki kitu, tena amdhuru jirani.

Basi, yafaa kufanya hivi. Kwanza yanakiliwe yote yaliyomo. Kisha ichaguliwe mashine moja iliyo nzima, itolewe betri, iwekwe mahali pakavu pamoja na kitabu chake, na mtu aijuaye amfundishe kijana. Zilizobaki apewe fundi ajuaye kuzifungua pasipo kuzichoma moto.

Chombo chenyewe hakitudai heshima. Wanaotudai ni watu: wale waliotutangulia, ambao majina yao yamo ndani yake, na wale watakaokuja kuyauliza. Siku watakapouliza, tuwe na la kuwajibu.