Mwimbaji Kijana na Haki ya Wimbo

Tumfikirie binti mmoja wa Newala. Amefundwa unyagoni, sauti yake yasikika mbali kabla ngoma haijapigwa, na sasa ameitwa mjini aimbe jukwaani kwa malipo. Anajua nyimbo nyingi. Lakini zilizo nzuri kupita zote ni zile alizofunzwa na kungwi, tena kwa agizo la kutozitoa nje. Je, aziimbe?

Swali hili si geni katika nchi ya Masasi na Newala. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijaisha, mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Karl Weule alifika huko na mashine ya kunasa sauti katika nta. Alinasa nyimbo za Wayao, Wamakua na Wamakonde, akaenda nazo kwao. Nta ile ilipokea dakika chache tu, ilhali wimbo wa unyago hurudiwa hata mwali aelewe. Kilichosafiri kwenda Ulaya kilikuwa sauti. Yule aliyekuwa akiambiwa maneno yale alibaki hapa.

Baadaye Kanisa nalo lilijaribu kwa njia yake. Vincent Lucas, Askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, hakuupiga vita mila ya jando bali aliitia sala na mafundisho ya Kikristo. Kwa wavulana jambo hilo lilishika. Unyago wa wasichana haukutii kwa urahisi, kwa kuwa wanawake wazima hawakuwa tayari kuwaachia wengine madaraka yao. Sisi twaona katika ukaidi ule fikira nzito kuliko ilivyodhaniwa: wimbo una mwenyewe, na mwenyewe anaweza kukataa.

Halafu ukaja Uhuru. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alisikitika kwamba vijana waliosoma walijua dansi za kigeni wasijue ngoma za kwao. Alisema kweli. Sindimba ya Wamakonde ikapandishwa majukwaani, ikashangiliwa nchi nzima. Lakini mtazamaji aliyeketi kitini aliona viuno tu. Wengine wakafurahi, wengine wakaona aibu, na wote wawili hawakujua kwamba ngoma ile ina uhusiano na mafunzo ya utu uzima. Hapo taifa lilipata ngoma likapoteza somo lake. Hatusemi haya kwa kulaumu. Tulikuwa na haraka ya kujijua.

Wako watakaotukumbusha habari za Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013. Yeye aliimba taarabu, akapiga na ngoma za unyago mbele ya wageni wa nchi za mbali, na mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya WOMEX. Mfano huu ni wa haki, ila usitumiwe ovyo. Bi Kidude alikuwa kungwi mwenyewe. Alipochagua la kuonyesha na la kuficha, alichagua kwa mamlaka yake. Binti wetu amefundishwa, bado hajakabidhiwa, na kati ya mambo haya mawili pana umbali mkubwa.

Tusijidanganye pia kwamba kosa liko katika fedha. Kungwi naye hupewa ujira wake, na msimu wa korosho ukiwa mzuri sherehe huwa kubwa zaidi. Tofauti ni kwamba kungwi akishapokea ujira huwa amejifunga kwa mwali yule: akipotoka katika ndoa, kungwi ataulizwa. Watazamaji mia tano wanaolipa mlangoni hawana wa kuulizwa juu yao. Wimbo umewafikia bila mtu wa kuubebea dhamana.

Lipo pingamizi moja linalotusumbua, nasi hatuna jibu la kulimaliza. Makungwi wanazeeka. Wasichana siku hizi hufundwa kwa siku chache za likizo ya shule. Nyimbo zikizuiwa, huenda zikazikwa pamoja na wazee, na nta ya yule Mjerumani ikawa ndiyo kumbukumbu pekee. Hata hivyo hatuoni kwamba hofu ya kupoteza kitu yatupa ruhusa ya kukichukua kwa mwenyewe angali hai.

Kwa hiyo tungemshauri binti huyu arudi Newala kabla ya onyesho, achukue kanga na sukari, aketi chini mbele ya bibi yule na kumwomba. Pengine atapewa lahani na kuambiwa atunge maneno mengine. Pengine ataambiwa angoje miaka kumi. Akikataliwa kabisa, basi aende mjini na nyimbo zake nyingine, na watayarishaji wakimuuliza kama hana nzuri zaidi, awaambie anazo.