Mlango Uliobebwa na Kitasa



Mwaka jana niliamua kulifufua gari la marehemu baba yangu, Volkswagen ile ya mgongo wa kobe aliyoinunua mwaka 1968. Wazee mtaikumbuka. Gari la aina hiyo ndilo lililoshinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, na ya mwisho ilitengenezwa Mexico mwaka 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21. La kwetu lilikuwa limesimama chini ya mwembe miaka mingi. Nilitaka kuliuza, maana mjukuu wangu alipata nafasi ya chuo na ada haikutosha. Mnunuzi alikwisha patikana.

Siku moja fundi wa bodi aliniita. "Mwalimu, tazama mlango huu." Akaufunga. Nafasi kati ya mlango na bodi ilikuwa sawa pande zote, kama milimita 4. Akaufungua polepole, na ukingo wake wa nyuma ukashuka. Akaufunga, ukapanda. Kisha akakiondoa kile chuma kilichofungwa kwenye nguzo, kinachopokea ulimi wa kitasa, akaurudisha mlango. Ukagonga chini. "Umeona? Haukunyooka. Umebebwa na kitasa."

Alipima bawaba, akakuta ni nzima. Ugonjwa ulikuwa chini, katika mifereji ya chuma ipitayo chini ya milango. Katika Volkswagen mifereji hiyo hupitisha hewa ya moto kutoka injini iliyo nyuma, na pia huipa bodi nguvu. Kutu ilikuwa imeila, bodi ikalegea, na mlango ukapoteza mahali pake.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kukirudisha chuma cha kitasa, kuziba kutu kwa puti na kupaka rangi: kazi ya juma moja. Ya pili ni kukata mifereji na kuchomelea mipya: miezi mitatu, na fedha nyingi.

"Mlango si unafunga?" akauliza mtu wa nyumbani kwangu. "Mnunuzi atajuaje?"

Ndipo nikaanza kujiuliza: Je, kitu kilichonyooka kwa kushikiliwa, kimenyooka kweli?

Nilitaka kujibu upesi, lakini nikakumbuka jambo. Nilipokuwa mkufunzi, mwanachuo wangu mmoja hakuelewa hesabu za sehemu. Alipokuja mtahini wa mazoezi ya kufundisha, nilikuwa nimemwandikia andalio la somo na kumchagulia darasa la watoto wepesi. Akapita. Nilijiona mtu mwema. Miaka michache baadaye nilimkuta katika shule ya mbali, mbele ya watoto wengi, akiwaonyesha kwamba 1/2 na 1/3 zinafanya 2/5. Kitasa hakikuwapo tena. Na hasara haikuwa yangu wala yake. Ilikuwa ya watoto wale.

Pengine utaniuliza, ndugu msomaji: Je, hatupaswi kushikana mkono? Ni nani asimamaye peke yake? Swali lako ni la haki, na fundi alilijibu bila kujua. Kabla ya kukata mifereji, alichomelea chuma kukatiza nafasi ya mlango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, ili bodi isijipinde. Alitengeneza upande mmoja kwanza, ndipo akaenda wa pili. Kazi ilipokwisha, alikikata kile chuma akakitupa.

Kile nacho kilishikilia. Lakini kilishikilia ili ubovu utengenezwe. Kitasa kilishikilia ili ubovu usionekane. Cha kwanza kina siku yake ya kuondolewa. Cha pili hakithubutu kuondolewa, maana siku hiyo yote yatafichuka. Mzazi anayelipa kimya kimya madeni ya mwanawe mlevi, na mwenzake anayeyalipa huku akimsindikiza kutafuta tiba, wote wawili wametoa fedha ileile. Lakini hawakufanya jambo lilelile. Kwa hiyo tunapomsaidia mtu, tusijiulize tu kama anasimama. Tujiulize: mkono wangu ukiondoka kesho, atakuwa karibu zaidi na kusimama mwenyewe, au nitakuwa nimemfichia tu anguko lake?

Mnunuzi nilimweleza yote. Alinishukuru, akaenda kununua gari jingine. Ada ya muhula wa kwanza tuliilipa kwa kuuza ng'ombe wawili, na nyumbani nilinuniwa kwa muda. Yule mwalimu nilimwandikia barua ya kumwomba radhi, nikamwambia kwamba niko tayari kwenda kukaa naye tuzipitie sehemu tangu mwanzo. Hajanijibu. Sidhani kwamba barua moja inalipa deni hilo.

Gari lilikwisha mwezi wa nane. Fundi aliuning'iniza mlango kwa bawaba zake tu, bila kile chuma cha kitasa, akausogeza hata ukakaa mahali pake wenyewe. Ndipo akakifunga chuma cha kitasa, na rangi ikapakwa mwisho wa yote. Bado halijauzwa. Atakayekuja kulitazama, namwomba aufungue mlango polepole na kuangalia ukingo wake wa nyuma.